Tafsiri ya Sheikh Farsy na mamlaka ya masheikh: uchambuzi wa kisa kimoja

Mwaka 1969 The Islamic Foundation ya Nairobi ilichapisha Qurani Takatifu, tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja ambaye wakati huo alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ilikuwa tafsiri kamili ya kwanza kutoka kwa mwanachuoni wa Kisunni wa pwani ya Afrika Mashariki. Zilizotangulia zilikuwa mbili, ya kasisi Mwingereza na ya Ahmadiyya, jumuiya iliyoanzia India ambayo Sunni huihesabu kuwa imepotoka, na masheikh wa pwani walizikataa zote mbili.

Wengi humkumbuka Sheikh Farsy kwa kitabu hicho na kumwombea dua, naye anastahili. Ila kisa chake kina jambo ambalo hatulizungumzi vya kutosha. Aliandika ili elimu ya masheikh isichukuliwe na watu wa nje. Kitabu kikailinda kweli, kisha kikampa Mwislamu wa kawaida uwezo wa kumhoji sheikh wake, uwezo ambao baba yake hakuwa nao. Mivutano mingi tunayoiona leo misikitini na redioni imepitia mlango huo, na ndiyo maana nakichambua kisa hiki hatua kwa hatua.

Elimu ilivyokaa kabla ya kitabu

Darsa ya Ramadhani ya zamani ilikwenda hivi. Baada ya Alasiri sheikh anakaa, mbele yake Tafsiri ya Jalalayn, maelezo ya Qur'ani kwa Kiarabu, imefunguliwa juu ya marufaa, kigoda cha kuwekea kitabu. Anasoma maneno machache ya Kiarabu, anasita, anayaeleza kwa Kiswahili, anaongeza kisa au hukumu, kisha anarudi kwenye Kiarabu. Waliokaa karibu naye ni wanafunzi wenye vitabu. Wengine wote, wachukuzi, wavuvi, wenye maduka, wanasikiliza tu. Kiswahili cha aya kilitoka kinywani mwa sheikh na kikabaki humo humo msikitini. Kesho ukitaka kukisikia tena, unarudi kwake.

Watoto nao walihitimu chuoni, yaani madrasa, wakiweza kuisoma Qur'ani nzima kwa sauti nzuri huku sehemu kubwa ya maana yake hawaijui. Hilo halikuonekana kuwa upungufu. Maana ilikuwa na wenyewe, na kuipata kulikuwa na njia yake: kumkubali sheikh ni kuikubali silsila yake, amesoma kwa nani, na huyo alisoma kwa nani, na ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha, kapewa na nani. Zanzibar ya mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa na majina mawili ambayo yakitajwa mjadala hutulia: Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, waliofariki wote mwaka 1925. Nasaba pia ilikuwa na uzito wake, hasa ya masharifu, watu wa uzao wa Mtume. Habib Saleh wa Lamu, sharifu mwenyewe, alipowafungulia darsa za msikiti wake wa Riyadha watu ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwasomesha, wakiwamo waliokuwa watumwa na watoto wao, aliongeza wanaoingia lakini njia ikabaki ile ile. Elimu iliendelea kupita kwa mwalimu, ana kwa ana.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu tumezoea kulisimulia kama ujinga ulioondolewa na uchapaji. Haukuwa ujinga. Sheikh aliyekosea alikuwa na mwalimu wa kumsahihisha, na mwanafunzi aliyeharakia hukumu alikuwa na mtu wa kumwambia ngoja, jambo hili lina kauli mbili. Ulinzi huo ulikuwa ndani ya mahusiano ya watu, na karatasi haikuwa nao.

Wawili walioingia bila hodi

Wa kwanza alikuwa Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, Zanzibar. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1923, na kusudi lake halikufichwa: walimu wa misheni wapate kuijua Qur'ani na waweze kujibizana na Waislamu. Hivyo mtu wa kwanza kumpa msomaji wa Kiswahili Qur'ani nzima mkononi alikuwa kasisi. Masheikh waliumia, lakini hatari ilikuwa ndogo, kwa kuwa Mwislamu wa kawaida hakuwa na haja ya kununua Qur'ani kwa Wazungu.

Wa pili alikuwa hatari zaidi kwao, maana alisema yeye ni Mwislamu. Sheikh Mubarak Ahmad, mhubiri wa Ahmadiyya, alifika Afrika Mashariki mwaka 1934. Kituo chake kikubwa kikawa Tabora, mji wa reli, mbali na madarasa ya pwani. Mwaka 1936 alianzisha gazeti la Kiswahili, Mapenzi ya Mungu. Mwaka 1953 ikatoka Kurani Tukufu, Kiarabu na Kiswahili pamoja na maelezo. Ndani yake zilikuwamo hoja za Ahmadiyya katika masuala mawili ambayo Sunni hawawezi kuyaachia: kukoma kwa utume kwa Mtume Muhammad, penye Surat al-Ahzab aya ya 40, na kufa au kupaishwa kwa Nabii Isa, penye Surat an-Nisaa aya ya 157 na 158.

Miongoni mwa walioshiriki kazi ile alikuwa Kaluta Amri Abedi wa Ujiji, mshairi mkubwa, baadaye Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na waziri katika serikali ya Nyerere. Mtazame huyu vizuri. Ni mtu wa bara, aliyesoma skuli, bingwa wa lugha, anayeandika magazetini na kusimama kwenye siasa, tena anazungumzia dini kwa kujiamini bila ya kupitia darsa ya sayyid yeyote wa Unguja au Lamu. Masheikh walipomtazama waliona upotofu wa itikadi, na kwa misingi yao walikuwa na haki. Lakini mbele yao alikuwa amesimama pia aina mpya kabisa ya msomi wa Kiislamu, na huyo angekuja kwao hata kama Ahmadiyya wasingefika.

Pwani haikuwa imelala. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kutoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akiwaandikia Waislamu kwa Kiswahili juu ya elimu, ubadhirifu, uvivu na kuiga Wazungu. Alikuwa msomaji wa al-Manar, jarida la Rashid Rida lililotoka Misri. Rida aliipinga tafsiri inayokaa mahali pa Kiarabu, huku akikubali watu waelezwe maana kwa lugha zao, na Sheikh Al-Amin alishika njia hiyo: alianza tafsiri yenye maelezo marefu. Akawa Kadhi Mkuu mwaka 1937, akafariki mwaka 1947 kazi haijaisha, na sehemu zake zikachapwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mwaka 1953, Kurani Tukufu ilipotoka, Sunni wa Kiswahili hawakuwa na kitabu cha kuiweka mbele ya watu.

Njia tatu mezani

Masheikh walikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ni kukataza, kusema msisome hicho. Katazo hufika pale sauti ya sheikh inapofika. Kitabu kilipanda treni kwenda Tabora na Kigoma. Katazo lilibaki Unguja na Mombasa.

Ya pili ni kuandika radi, kitabu cha kujibu makosa moja moja. Njia hii ina heshima katika elimu yetu, lakini mwenye radi humfuata mpinzani wake nyuma. Msomaji wa radi lazima awe na kitabu kinachojibiwa, na ukishamjibu bado hujampa Qur'ani ya kusoma.

Ya tatu ni kuitafsiri Qur'ani yote, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu. Gharama yake ilikuwa wazi kwa kila mwenye akili katika darsa: siku kitabu kikitoka, sheikh hatakuwa tena mlango pekee.

Farsy alichagua ya tatu, na ukimjua huyu mtu huwezi kushangaa. Alizaliwa mwaka 1912, akasoma kwa Sayyid Umar bin Sumait, mwana wa Sayyid Ahmad, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia hana silsila. Lakini kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa ualimu wa skuli za serikali Zanzibar. Kila siku alisimama mbele ya watoto waliokuwa wanasoma historia na jiografia kwa kitabu, waliozoea kuambiwa fungua ukurasa fulani. Mwalimu wa namna hiyo anajua kwamba kizazi kijacho hakitakaa kimya nyuma ya msikiti kikisubiri kuelezwa. Sehemu za tafsiri yake zilianza kutoka kabla ya kitabu kizima. Yakaja Mapinduzi ya 1964. Mwaka 1967 akahamia Kenya, mwaka uliofuata akawa Kadhi Mkuu badala ya Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, na mwaka 1969 kazi ikakamilika.

Fungua kitabu uone kilivyopangwa. Kiarabu na Kiswahili vinakwenda sambamba, na maelezo yapo chini. Kiswahili ni cha Unguja, chepesi, cha mwalimu anayetaka mtoto wa nyuma asikie. Kwenye maelezo ndiko Farsy anakopigana. Anawataja Makadiani, kama alivyowaita Ahmadiyya, anawajibu, anarudi kuwajibu tena mahali pengine. Misheni nao wana fungu lao.

Hapo pana jambo ambalo naamini halikukusudiwa. Mtu wa Ujiji au Songea ambaye hakuwahi kukutana na Ahmadiyya maishani alikutana na hoja zao ndani ya maelezo ya Farsy, pamoja na majibu yake. Alijifunza jibu, na papo hapo akajifunza kwamba maana ya aya inaweza kubishaniwa, kwamba ubishi unaamuliwa kwa dalili, yaani ushahidi wa aya na hadithi, na kwamba yeye, msomaji, ndiye anayeombwa akubali. Darsa ya zamani haikumwomba akubali. Ilimfundisha.

Kitabu kikatoka mikononi mwa mwenyewe

Mabadiliko ya kwanza yalionekana kwenye darsa yenyewe. Msikilizaji sasa anakuja na Farsy kwapani, anafuata aya kwa kidole, na sheikh akimaliza ananyanyua mkono: "Samahani Maalim, Sheikh Farsy hapa kaeleza vingine." Maalim ana la kufanya. Akiwa na elimu pana atasema naam, hiyo ni kauli moja, na wengine wamesema hivi, chagua baada ya kufahamu. Akiwa anayo Jalalayn peke yake atakasirika. Wengi walikasirika, na vijana wakaisoma hasira kuwa ni ushahidi kwamba mzee hana dalili.

Farsy mwenyewe hakusalimika na mabadiliko aliyoyaleta, na nusu yake aliyaongoza. Huyu aliwahi kuitafsiri Maulidi ya Barzanji kwa Kiswahili, na mwaka 1972 akaandika kwa heshima kubwa habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, masharifu wengi wakiwamo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, akiwa Kadhi Mkuu, akaandika kupinga aliyoyaita bidaa, yaani yaliyozuliwa katika dini, yakiwamo mambo ambayo walimu wake waliyafanya na kuyafundisha. Wanavyuoni wa upande wa Lamu na wafuasi wa masharifu hawakumwachia. Upande mmoja ulisimama kwenye adabu kwa walimu na mapokezi yao, upande wa pili kwenye dalili iliyoandikwa. Mimi siwezi kuwaambia wasomaji nani mshindi katika kila mas'ala. Ninachokiona ni kwamba uwanja ulikuwa umeshachaguliwa. Kila aliyemjibu Farsy ilibidi ajibu kwa maandishi, kwa aya na hadithi zilizotafsiriwa, mbele ya wasomaji ambao hawakuwa wanafunzi wake wala wa Farsy. Hata aliyetetea mapokezi aliyatetea kwa njia ya karatasi.

Wanafunzi wake waliichukua njia hiyo mbali zaidi, Sheikh Said Musa kwa vitabu vingi Tanzania Bara, Sheikh Nassor Bachu kwa darsa Zanzibar ambazo kanda zake zilisikilizwa hadi vijijini. Kwenye miaka ya 1980 wakaja wahubiri wa mihadhara, wenye Biblia ya Kiswahili mkono mmoja na Qur'ani ya Kiswahili mkono wa pili, wakijibizana na wachungaji viwanjani. Wengi hawakuwa na darsa ndefu ya Kiarabu. Bila ya tafsiri za Kiswahili mhadhara wa aina ile usingewezekana. Silaha ambayo Dale aliwatengenezea walimu wa misheni ilikuwa imegeuziwa upande wa pili, na walioishika hawakuwa masheikh.

Na pembeni ya wote hawa, Warsha ya Waandishi wa Kiislamu, walimu na wasomi wa vyuo vikuu Dar es Salaam, walikuwa wakiandika vitabu vya kiada vya elimu ya Kiislamu katika miaka ya 1970 wakiwa chini ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, mpaka wakafarakana nayo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hao walitaka Uislamu uelezwe kama mfumo wa maisha, uchumi na siasa zikiwamo. Masheikh waliosoma fiqhi ya tohara na mirathi walijikuta wanaulizwa maswali ambayo vitabu vyao havikuyapangia mlango.

Nani anasema kwa niaba ya Waislamu

Mamlaka ya sheikh wa zamani yalikuwa na mambo matatu ndani ya kilemba kimoja: kufundisha maana, kuhukumu, na kuwasemea Waislamu mbele ya watawala. Kitabu cha Farsy kilikigusa cha kwanza. Vingine viwili vilichukuliwa na dola.

Tanzania, mwaka 1968, Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku, Sheikh Hassan bin Ameir, mwanachuoni aliyeheshimika mno Dar es Salaam, akarudishwa Zanzibar, na BAKWATA ikaanzishwa. Tangu hapo swali la nani ni Mufti likawa pia swali la serikali. Kenya kadhi alibaki ndani ya mahakama. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inataka kadhi awe Mwislamu na awe na elimu ya sheria ya Kiislamu inayotosha kwa maoni ya Tume ya Utumishi wa Mahakama. Isome tena sentensi hiyo kwa jicho la darsa ya Sayyid Umar: kinachotosha katika elimu ya sheikh kinapimwa na tume ya dola. Mamlaka yake ni ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, tena pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuja mbele yake.

Mahakama hizo zilipopingwa, na Mahakama Kuu ikatoa hukumu dhidi ya mahakama hizo Mei 2010, miezi michache kabla ya kura ya maoni ya Agosti, waliozitetea hadharani walikuwa mawakili na wabunge kama walivyokuwa masheikh. Hoja ilikuwa ya katiba na historia: ahadi za 1963 wakati Ukanda wa Pwani wa Sultani wa Zanzibar unaunganishwa na Kenya. Sheikh asiyejua lugha ya katiba alihitaji wakili Mwislamu wa kumsemea, na wakili alihitaji sheikh wa kumwambia kipi cha kutetea. Sioni aibu katika hilo. Naona aibu pale wawili hawa wanapodharauliana, na hutokea sana.

Nyumba moja ya Mombasa inaonyesha safari yote. Sheikh Al-Amin alikuwa Kadhi Mkuu. Mwanawe, Ali Mazrui, akawa profesa wa sayansi ya siasa, na kwa miaka mingi dunia ilipotaka kusikia Mwislamu wa Afrika akizungumza, ilimsikia yeye. Hakudai kutoa fatwa. Hata hivyo maneno yake juu ya Uislamu yalifika pasipofika fatwa ya kadhi yeyote wa Kenya. Alifariki mwaka 2014 Marekani, akazikwa Mombasa kwenye makaburi ya ukoo wake.

Kilichopungua

Hukumu yangu ni kwamba Farsy alichagua sawa. Kutotafsiri kungewaachia wengine uwanja na kuwaacha masheikh wakilinda mlango wa nyumba ambayo watu wameshahama. Lakini kitabu kilihamisha majibu bila kuhamisha namna ya kufikia majibu. Maelezo yake mara nyingi yanampa msomaji kauli moja, kwa sauti ya uhakika, kwa sababu yaliandikwa vitani. Ile "ngoja, lina kauli mbili" ya darsa haikupata nafasi ya kutosha kwenye ukurasa. Matokeo yake tuna vijana wengi wenye dalili na wachache wenye subira ya ikhtilafu, yaani tofauti za kauli za wanavyuoni.

Hali imezidi kwenye simu. Tafsiri inayoonekana zaidi mtandaoni leo ni ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, iliyotoka mwaka 1995. Yeye naye hakuwa mtu wa kilemba: msomi wa Makerere, mhariri wa gazeti, kiongozi wa chama cha Hizbu na waziri wa Zanzibar hadi Januari 1964, kisha mfungwa kwa miaka kama kumi Tanzania. Aliifasiri Qur'ani pamoja na maelezo ya al-Muntakhab, tafsiri ya Kiarabu kutoka Misri. Kwenye programu nyingi maelezo hayo hayamo. Zinaonyesha aya yenyewe, moja moja. Kijana anatumiwa Surat at-Tawba aya ya 5, amri ya kuwaua washirikina, kama picha ya mraba. Aya ya 4, inayowatoa waliotimiza mikataba, haimo kwenye picha. Aya ya 6, inayoamrisha mshirikina akiomba ulinzi alindwe na afikishwe mahali pa amani, haimo. Karatasi ya Farsy ilikuwa na uzuri mmoja ambao hatukuuona mpaka tulipoupoteza: jicho lilipoangukia aya ya 5, ya 4 na ya 6 zilikuwa pale pale.

Mambo mawili yanawezekana bila ya kusubiri mtu mkubwa. Darsa za Ramadhani zisomeshwe tafsiri za Kiswahili zikiwa wazi mbele ya watu, Farsy na Barwani pamoja, na zile za Ibadhi na za Shia zitajwe pale zinapotofautiana, sheikh aonyeshe ni kwa nini, badala ya kusomesha kana kwamba vitabu hivyo havimo mifukoni mwa waliokaa mbele yake. Na wenye programu za Qur'ani kwa Kiswahili warudishe maelezo ya wafasiri na wazuie aya kutumwa bila jirani zake. Vijana wanaotengeneza programu hizo wapo, wengi wao wanaswali misikiti ile ile ya masheikh tunaowajua. Wakae pamoja.